Malaika wa Mtihani wa Udereva

Je, Rafaeli anasikia Kiswahili? Swali hilo lilininyima usingizi wiki nzima ya mtihani wa mama mdogo. Nilikuwa nimemaliza shahada ya masomo ya dini, sina kazi, ninaishi kwake huku ughaibuni, Norsborg, na kosa lilikuwa langu.

Mama mdogo alikuwa ameshafeli mtihani wa udereva mara kadhaa, na kazi aliyoahidiwa ya kuhudumia wazee majumbani ilitaka leseni. Akiwa anasonga fufu, aliniuliza, "Weye ulisoma dini. Malaika gani iko na kazi ya magari?"

Mtu mwingine angecheka. Mimi nikajibu. Nilimweleza kwamba katika mapokeo ya Kiyahudi kila malaika hutumwa kazi moja tu. Mikaeli hulitetea taifa la Israeli, Gabrieli hufafanua maono, na Rafaeli, katika hadithi moja ya kale, alimsindikiza kijana safarini. Hata majina yao, walisema walimu wa kale, yalikuja na watu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli.

"Kumbe nao ni wakimbizi!" akasema. "Basi huyo wa safari atanielewa."

Kesho yake kikundi chake cha maombi cha Vårby gård, mtaa wa jirani, kilianza kufunga na kumwita Rafaeli. Hapo ndipo nikakumbuka nilichosahau: walimu haohao walisema malaika hawaelewi Kiaramu, isipokuwa Gabrieli, ajuaye lugha zote sabini za dunia. Ikiwa Kiaramu kinawashinda, Kiswahili chake cha Bukavu chenye Kifaransa ndani je? Nikawaza kumhamishia kwa Gabrieli. Lakini Gabrieli hana kazi ya magari. Na nikimvuruga, akafeli, nani atakuwa amemfelisha?

Siku ya mtihani tuliketi kwenye benchi nje ya kituo. Akaanza, "Rafaeli, malaika ya barabara..."

"Mama mdogo, ngoja. Walimu walisema pia, ukipatwa na shida usimlilie Mikaeli wala Gabrieli. Mlilie Mungu mwenyewe."

"Na Rafaeli?"

"Naye ni hivyohivyo, nadhani."

"Tulifunga bule?"

"Sijui."

"Masomo yako ni ya kutesa watu, kweli." Akanishika mikono. "Omba weye, basi. Miye nimechoka."

Sikuwahi kuomba mbele ya mtu. Mtahini alikuwa ameshatoka mlangoni, akiliita jina la mama mdogo kwa shida. Nikawaza kama nina haki hiyo, nikawaza lugha, kisha nikafumba macho, nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Mungu, mama mdogo anakata kona vizuri kulia. Msaidie kushoto."