Siku Niliyokatazwa Kukohoa

Ukishuka Shinyanga mjini ukauliza pale Ngokolo nani anaandika vichekesho vya kwenye televisheni, hata muuza maji atakutajia mimi, ingawa siku hizi nimehamia Geita. Sijisifu, nasema kilichopo. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nusu yake nilikuwa nachunga ng'ombe wa baba. Lakini filamu nimetoa mbili, zikaonyeshwa kwenye mabasi mpaka makondakta wakawa wanayasema maneno kabla ya wachezaji.

Ya kwanza ilikuwa ya ndugu wawili wenye seti moja ya meno ya bandia, na wote wanakwenda kuposa siku moja, nyumba moja. Ya pili, mchimbaji ameazima suti nyeusi ili akaonane na mnunuzi wa dhahabu, watu wa Runzewe wakadhani ni askofu, wakamwomba aliombee duara lao, shimo lao la kuchimbia. Akaomba, dhahabu ikatoka. Basi akalazimika kuwa askofu, hadi siku alipoitwa kumfungisha ndoa mke wake mwenyewe na mwanaume mwingine. Vyote hivyo vimetoka humu kichwani. Wenzangu wenye vyeti wanaandika kwa kompyuta; mimi naisemea simu nikiwa juu ya pikipiki, nikifika nyumbani mke wangu anasikiliza. Asipocheka, nafuta. Nimefuta vingi sana.

Sasa televisheni. Kituo kimoja cha kanda yetu walisikia habari zangu, wakaniambia nilete sehemu ya kwanza ya mchezo Jumatatu asubuhi. Ikiwachekesha, napewa nafasi kila wiki. Isipowachekesha, nirudi kwenye karasha langu la kusaga mawe. Mimi tangu utoto nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nitaonekana kwenye televisheni, na kuna watu hapa mtaani kwangu Kalangalala walikuwa wanangoja tu nishindwe ili wapate la kusema.

Nikatunga hadithi ya mkwe aliyepata dhahabu akaenda kujitapa ukweni, mama mkwe wake akamnyoosha. Mkwe nacheza mimi, maana nani mwingine angeweza? Mama mkwe nilimpata mama mmoja anayeuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni. Yule mama alikuwa na mdomo kama karasha, chochote ukimtupia kinatoka unga. Mpiga picha akaja na kamera yake kutoka Mwanza, kijana mzaliwa wa pwani, mtu wa adabu lakini mambo ya Usukumani hayajui.

Jumamosi asubuhi mama wa michembe hakutokea. Huku kwetu mambo ndivyo yalivyo: ikisikika dhahabu imetoka juujuu mahali, mji unahama. Ilikuwa imesikika huko mbele ya Runzewe, na yeye alishapanda gari la alfajiri na magunia yake, kwani wachimbaji nao wanakula. Nikampigia. Akaniambia huku upepo unavuma kwenye simu kwamba sanaa ataifanya akizeeka.

Nikakaa kwenye ngazi ya nyumba yangu, kichwa mikononi. Mke wangu akatoka na mtoto begani. Alikuwa amejifungua wiki chache nyuma, binti, na mama yake mzazi alikuwa amekuja kumwuguza.

"Baba watoto, mama si yupo," akasema.

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Tangu aje mimi nacheka mpaka mshono unauma. Wewe humjui tu."

Kweli nilikuwa simjui. Nitamjuaje? Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini. Tangu mama huyo aje kwangu nilikuwa naingia nyumbani kwa kukohoa: nafika kona ya nyumba, nakohoa, yeye anajiondokea upande wa jiko, mimi napita. Nilikuwa nimekohoa hivyo mpaka jirani mmoja akanivuta pembeni kunishauri nikapime kifua kikuu, akaniambia dawa ni za bure.

Nikamuuliza mke wangu nitamwelekezaje mtu ambaye siruhusiwi hata kukiona kisigino chake. Akasema nimwambie mtoto.

Basi ndivyo tulivyofanya. Mke wangu alisimama mlangoni na mtoto, mimi nikabaki nyuma ya ukuta, mama mkwe ndani jikoni. Nikamweleza binti yangu hadithi yote, mwanzo hadi mwisho, na yeye amelala fofofo. Kisha sauti ikatoka jikoni.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako nimesikia. Muulize huyo mkwe wa kwenye hadithi anakujaje ukweni mikono mitupu, hata kuku hana? Baba yako anatunga kama mtu aliyetorosha mke."

Mke wangu akainamisha uso kwenye nepi. Mpiga picha akageuka akautazama mlima. Mimi nikamwambia mtoto amwambie bibi yake kwamba kuku ataongezwa.

Tukapanga yeye na mimi tusionekane pamoja. Uani palikuwa na rundo la pumba za kuku wangu. Tukajaza gunia moja, tukalisimamisha, tukalivika kofia yangu. Yeye atalisema gunia, kisha nitaingia mimi nivae kofia nilie, na mpiga picha ataunganisha. Nikajificha nyuma ya choo nikisikiliza.

Jamani, yule mama alilisema lile gunia. Aliliuliza kama dhahabu yake imeshindwa kununua sabuni. Aliliambia likae wima mbele ya wakubwa. Alilikaribisha ugali, likakaa kimya, akasema ona, hata kushukuru hajui. Maneno mengine hayakuwa yangu, lakini msingi ulikuwa wangu. Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikabidi aiweke juu ya ndoo iliyofudikizwa.

Zamu yangu ikafika. Yeye akarudi jikoni, gunia likaondolewa, mimi nikatokea nyuma ya choo, na kwa mazoea nikakohoa.

"Kata. Bosi, kikohozi kimeingia."

Tukarudia. Nikakohoa tena.

"Bosi, unaumwa?"

Nikamweleza mila. Akasema mila anaiheshimu, ila kile kinasa sauti chake kinasikia hata tumbo likinguruma, na jua linashuka. Nisikohoe. Basi nikaingia kimyakimya kama mwizi kwenye nyumba yangu, nikavaa kofia, nikasimama palepale pa gunia, mgongo kwa jiko.

Kumbe kule jikoni mama mkwe alikuwa anangoja kikohozi. Hakikuja. Akaamini nimeshakwenda zangu. Na alikuwa amekumbuka neno moja tamu ambalo hakuliambia gunia, likawa linamwasha. Akatoka na mwiko mkononi, akaiona kofia, akadhani ni gunia bado, akaja kwa nyuma akaigonga. "Na hilo tumbo," akasema, "ni dhahabu umemeza au ni deni?"

Nikageuka.

Sijui ni nani aliyeanza kukimbia. Yeye alielekea kwenye zizi la mbuzi, kanga moja ikabaki njiani, mwiko ukaruka juu ya bati. Mimi nilizama kwenye pumba kichwa mbele, miguu ikabaki nje inapiga baiskeli.

Mama mkwe akajifungia chumbani. Mpiga picha akaitazama kazi yake, akaniambia bila kuficha kwamba pale ndipo penye kipindi, kingine chote ni maelezo. Akipaondoa, hakuna Jumatatu. Mke wangu naye akaniambia kwamba mama yake hawezi kuonyeshwa mkoa mzima akikimbia bila kanga mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Akisema hapana, ni hapana, na mimi kwa hilo sina la kupinga.

Jioni wakaiwasha televisheni sebuleni: mama mkwe, mke wangu na mtoto, na yule kijana wa kamera. Mimi sikuweza kuingia alimo. Nikasimama nje ya dirisha la nyumba niliyoijenga mwenyewe, pazia limefungwa, pumba masikioni. Nikasikia gunia linasemwa. Nikasikia kofia inagongwa. Nikasikia mbuzi. Halafu picha ikaisha, na mimi nikaanza kupanga nitawaambia nini watu wa Kalangalala.

"Mjukuu wangu," ikaja sauti. "Mwambie baba yako mbio zile ninazo tangu usichana, sina aibu nazo. Waipeleke."

Nikashusha pumzi.

"Ila kwanza huyu kijana arudishe pale kwenye pumba. Nilikuwa nimegeuka, sikupaona vizuri."

Akarudisha. Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Mama mkwe alikuwa anacheka kwa kupiga mapaja, nasikia makofi yake, na mtoto akaamka akaanza kulia, hakuna aliyemsikiliza. Kijana akaambiwa arudishe tena, akarudisha. Mimi nilikuwa sioni kitu zaidi ya pazia, lakini nilisimama pale kwa raha zangu zote, kwa sababu kicheko kile, useme utakavyosema, nilikitunga mimi.