Kiti cha Baba Mkwe

Ipo Jumapili moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu, na zile picha ulizonionyesha juzi kwenye simu yako zimeirudisha yote. Uliniuliza, "Bibi, nikitaka kuweka hapa nyumbani stendi ya kutengenezea baiskeli, na vyuma vya kuzitundikia ukutani, nianzie wapi?" Ukadhani nitakujibu habari za mbao na misumari. Nitafika huko, usiwe na haraka. Lakini stendi ya kwanza niliyoijenga mimi ilianza na kiti, tena kiti cha baba mkwe.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, nimetoka kwetu Kibondo kuja huku Kasulu, kwenye mji wa wakwe zangu mlimani, upande wa juu wa Kabanga. Kaka yangu alikuwa fundi baiskeli sokoni Kibondo, na mimi tangu mdogo nilikuwa mtoto wa kuchungulia. Mama akinituma chumvi, narudi na grisi mikononi. Nilitaka tu kujua. Kwa nini cheni hii inaruka na ile hairuki? Zile gololi ndogo ndani ya gurudumu, zinazunguka zikimtafuta nani? Kaka alichoka kunifukuza, akaamua kunifundisha.

Kwa wakwe zangu kulikuwa na baiskeli moja nyeusi, mali ya baba mkwe. Jina lake silitaji hata leo, na unajua sababu. Kwa tulivyolelewa sisi, mkamwana hatamki jina la baba mkwe, na kiti chake hakikalii wala hakigusi. Mzee akiwa na neno la kukwambia, analipitisha kwa mama mkwe, hata kama mmesimama uwanja mmoja na unamsikia vizuri. Ninyi wa siku hizi mnawapigia wakwe zenu simu na kuwauliza "mambo vipi". Haya, mimi sina ugomvi na hilo, ingawa mara ya kwanza nilipolisikia nilimwaga chai.

Siku za soko baba mkwe alipakia ndizi kwenye ile baiskeli, akaisukuma mpaka bondeni. Na mama mkwe, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, alipelekwa nayo hospitali Kabanga kufungwa dawa. Mama alikaa kwenye keria, mzee akashika usukani na kusukuma taratibu, mlima kwa mteremko. Kule hospitali walikuwa wamewaonya kwamba kidonda kile kikikosa dawa mguu wenyewe unaweza kupotea. Walimtaka Jumatatu, bila kukosa.

Basi Jumapili hiyo, mchana tumetoka kanisani, gurudumu la nyuma likagoma kabisa. Gololi zilikuwa zimesagika. Mzee alishanunua nyingine pamoja na grisi, kazifunga kwenye karatasi zikimngoja fundi, lakini fundi mwenyewe alikuwa ameitwa msibani Kitanga. Mume wangu alikuwa safarini Kigoma na mzigo wa maharage. Mama mkwe hata kukanyaga hakuweza. Baba mkwe akatoka kwenda kuazima baiskeli kwa majirani, na kwa jinsi alivyoondoka ameinamisha kichwa nilijua hana matumaini. Niliogopa sana, mwanangu. Mama yule alinipokea vizuri, na nilikuwa nimeanza kumpenda.

Nikabaki naitazama ile baiskeli. Kazi ile naijua! Spana zipo, gololi zipo, grisi ipo. Nikashika usukani ili niipindue kama mafundi wote wanavyofanya, siti na usukani chini, magurudumu juu.

"Wewe!" mama mkwe akaita kutoka mkekani. "Hicho si kiti cha mzee? Unataka kukitia vumbini, tena kwa mikono yako?"

Nikauachia usukani. Alikuwa amesema kweli, kwa tulivyojua sote. Siti ni kiti. Mafundi ni wanaume, wao na waipindue watakavyo, lakini mimi ni mkamwana. Nikakaa chini na hasira zangu. Hasira ikapita, swali likabaki: baiskeli unaiinuaje bila kugusa mahali inapokaliwa?

Nikaanza kuizunguka. Nikatazama zizi la mbuzi, nikatazama paa la jiko, mwisho nikatazama migomba. Migomba iliyolemewa na mikungu ilikuwa imeegemezwa kwa miti yenye panda, unaijua ile. Nikajiuliza, mti unaobeba mkungu siku zote hizo, utashindwaje na baiskeli? Nyuma ya nyumba ilikuwepo miti ya akiba. Nikachimba mashimo mawili marefu, nikaisimamisha, nikashindilia mawe na udongo mpaka ikakataa kutikisika. Juu, kwenye zile panda, nikalaza boriti ya mkaratusi. Kisha kamba: moja nikaipitisha chini ya fremu upande wa usukani, nyingine chini ya fremu upande wa nyuma, mbali na siti. Nikainua mbele nikafunga, nikainua nyuma kwa kushika keria nikafunga. Baiskeli ikaning'inia hewani, na kiti cha mzee kiko juu, hakina hata alama ya kidole.

"Ajabu," mama mkwe akasema. Alikuwa amejikokota mpaka ukingo wa mkeka ili aone.

Nikatoa gurudumu, nikaosha kikombe cha gololi kwa mafuta ya taa, nikapanga gololi mpya ndani ya grisi, nikakaza nati kwa kiasi. Nilipolirudisha na kulizungusha, lilizunguka kimya. Furaha niliyoipata siwezi kukueleza.

Baba mkwe akarudi mikono mitupu. Alipoiona baiskeli yake inaelea uwanjani, akasimama. Kisha akaanza kuizunguka kama nilivyoizunguka mimi. Akasukuma gurudumu kwa kidole, akatega sikio.

"Muulize mkamwana wako," alimwambia mkewe, nami nimesimama palepale, "mbona hakuipindua kama wanavyofanya mafundi?"

"Siti ni kiti chako," mama mkwe akamjibu. "Hakutaka kukigusa."

Mzee akageuka kuitazama siti. "Kiti changu? Mimi sijawahi kukikalia."

"Hujawahi?"

"Sijui kuendesha, mama. Niliinunua kwa ajili ya kusukuma ndizi."

Mama mkwe akamkodolea macho. "Yaani miaka yote hii nimekaa kwenye keria, najua unasukuma kwa kunionea huruma, mguu usitikisike, kumbe!"

"Huruma ilikuwepo," mzee akasema. "Kuendesha ndiko hakukuwepo."

Alicheka mama yule mpaka akashika mbavu, na mzee naye akashindwa kujizuia. Kisha akaitazama ile miti yangu.

"Hebu muulize, itanibeba?"

"Itambeba," nikamwambia mama mkwe, nikakimbilia jikoni na kitenge usoni, maana si vyema mkamwana kutazama. Nilitazama. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango, nikamwona baba mkwe amepanda kwenye siti, amening'inia kwenye boriti ya mkaratusi, anakanyaga pedali kwa nguvu zote asiende popote, anawapigia mbuzi kengele wapishe njia.

Kesho yake alfajiri aliisukuma mpaka Kabanga kama kawaida yake, mama kwenye keria. Walimfunga dawa siku ileile waliyomtaka, na baada ya muda mguu ukapona.

Sasa, mwanangu, shika haya. Stendi yako ishike fremu, isibane mahali pengine, na magurudumu yote mawili yawe huru kuzunguka. Nguzo zichimbie chini kweli, usizidanganye. Ukutani usitundike baiskeli mahali mvua inapopenyeza. Lakini kabla hujapigilia msumari hata mmoja, nenda ukamuulize kila mtu wa nyumba hii: baiskeli yako unaitumiaje? Mama yako anarudi na gunia la muhogo kwenye keria, ataitundikaje juu? Dada yako ni mfupi, ataifikia? Usidhani tu kwa sababu umewaona nayo kila siku. Sisi tulimwona mzee na baiskeli yake kila siku. Nyumba nzima tulikiheshimu kiti ambacho hakuna aliyekikalia, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, na yeye nadhani alikuwa akingoja siku nyingi tu aulizwe. Heshima ni nzuri, nami sijaiacha, hata jina lake umeona sijalitaja. Ila mtu unayemheshimu bila kumuuliza, unaweza kuishi naye na kumzika humjui.

Nenda basi kaulize, halafu uje na jembe, mashimo tutachimba wote. Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako, akupe nyumba ambayo watu wake wanaambiana. Imana ikurinde, yaani Mungu akulinde, kama tunavyosema kwetu.