"Sh!" Mbele ya Jeneza la Baba

Nilimnyamazisha mama yangu kwenye mazishi ya baba. Kwa miaka sita nimekana. Nilisema nilikuwa nambembeleza mtoto wa mdogo wangu. Nilisema ni upepo kwenye turubai. Mara moja, Mungu anisamehe, nilisingizia kipaza sauti cha mchungaji. Ni mimi. Niliweka kidole mdomoni nikatoa ile "sh!" ya Kiingereza, fupi, kama mtu anayezima kiberiti.

Niliipata chuo kikuu, kwa mama wa maktaba aliyeweza kunyamazisha meza tatu bila kuinua macho. Nilirudi nayo Tarime likizo ya kwanza, kama wenzangu walivyorudi na viatu vipya. Nyumbani mtu aliambiwa "nyamaza", au alitazamwa tu akaelewa. Mimi nikawa na sauti ya kisomi. Baadaye niliitumia darasani, kanisani, hata kwa mbwa. Wanangu niliwalaza nayo, kwa sababu ukiivuta polepole inabembeleza. Ukiikata, mtu mzima anajiona mtoto.

Katika ukoo wetu, kabla jeneza halijashushwa, mjane huzungumza na mumewe. Hiyo si risala. Anazunguka jeneza akimwambia mema na mabaya yake, kwa sauti, na hakuna anayemkatiza, hata mchungaji. Akinyamaza mwenyewe, ndipo wanaume wanashika kamba.

Mama alianza vizuri. Alimshukuru kwa jembe la kwanza la ng'ombe. Alimlaumu kwa kuuza dume jekundu bila kumwambia. Watu wakacheka, wakalia. Kisha akasimama upande wa kichwa, jeneza likiwa bado wazi, akasema kwa Kikurya, "Na ile miaka miwili uliyovuka mpaka ukakaa Kenya, ukaniacha na watoto wanne..."

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuitaja ile miaka. Nyuma yangu waliketi wenzangu watano wa chuoni, na miwani yao ya jua. Nikasema, "Sh!"

Mama akanyamaza. Wanaume wakadhani amemaliza, wakafunga kifuniko, wakashika kamba.

Wale wenzangu watano hakuna hata mmoja anayejua Kikurya. Walidhani mama anaomba.

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alianza tu kunipokea kama mgeni. Nikiingia jikoni alikokuwa akipiga soga na mdogo wangu, alikatisha maneno, akafuta kiti kwa khanga, akaniuliza habari za safari. Mdogo wangu, anayeishi naye pale Nkende, hakuwa na adabu hiyo.

"Karibu, Mama Maktaba," aliniambia. "Tuongee, au mpaka utupe ruhusa?"

"Sikusema kitu siku ile."

"Haya. Basi alisema marehemu."

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia, safari hii bila utani. Alisema mama anaongea peke yake akichambua maharage. Anataja jembe, anataja dume jekundu, akifika kwenye ile miaka miwili anakwama. Kesho yake anaanza upya, anakwamia palepale.

"Dada, mimi sitaki kusikia ulisema au hukusema," alisema. "Nataka amalize."

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Nimeandika insha nyingi kuhusu watu wanaonyimwa sauti, na nimepigiwa makofi. Jumapili, baada ya ibada, nikampigia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, siku ile ni mimi niliyekunyamazisha."

Hakuuliza siku gani. "Najua. Nilikuwa nakutazama."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe kabla udongo haujajaa."

Nililia, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikadhani kazi imekwisha. Nikasema, "Basi nimalizie, mama. Niambie ulichotaka kumwambia baba."

Nikatazama simu kuona kama bado yupo.

"Lilikuwa swali, mwanangu," alisema. "Nilitaka kumuuliza yeye, uso wake ukiwa bado wazi. Nikikuuliza wewe, utanijibu?"

"Hapana, mama."

"Haya. Msalimie mume wako," akasema, akakata.