Alasiri za Fundi wa Lifti

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Fundi, basi. Mafundi walikuwepo wengi, wa mabomba, wa viatu, wa saa, lakini ukisema Fundi tu ungepelekwa moja kwa moja mlangoni kwa yule bwana mrefu, mwembamba, aliyetengeneza lifti za maghorofa kwa miaka kumi na tisa. Hata mkewe alimwita hivyo hivyo. Yeye mke aliuza dawa kwenye duka karibu na posta, na Fundi akambandika jina la Daktari, kwa utani, maana hakuwahi kusomea udaktari hata siku moja, ila ukimwendea na kikohozi alikuwa na jibu kabla hujamaliza kukohoa.

Fundi alikuwa mtu wa mzaha. Kila akitoka kazini alikuwa na kisa. Mama aliyekwama ghorofa ya nne na keki ya harusi, akafunguliwa akiwa ameshakula nusu. Bwana mkubwa aliyedhani anakufa, akatubu dhambi zake kwa sauti, moja baada ya nyingine, bila kujua kwamba lifti ina kipaza sauti na walinzi chini wanasikia yote. Daktari alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu.

Halafu ikaja ile Jumanne. Fundi alirudi nyumbani mapema, shati limejaa grisi kuanzia kola mpaka kiunoni, goti limechubuka.

"Kulikoni?" mkewe akauliza.

"Nimeteleza."

Hakusema zaidi. Alioga mlango wa bafu ukiwa wazi, akavuta kiti mpaka kizingitini, akakaa akitazama nje. Tangu siku hiyo visa vikaisha.

Yaliyofuata yalimtia Daktari wasiwasi siku hadi siku. Mumewe hakuvumilia tena mlango uliofungwa. Alitoa mapazia yote ya sebuleni, eti yanamzibia hewa. Glasi ikidondoka jikoni, aliruka kama amepigwa na umeme, kisha akafoka, kisha akaomba radhi, na ile radhi ilimuumiza mkewe kuliko kufokewa. Zahanati walimpima wakasema shinikizo la damu limepanda kidogo, hana kilichovunjika, apumzike. Meneja wa kampuni akampa likizo ya mwezi mmoja. Hapo ndipo Daktari alipojua kwamba kulikuwa na ajali kazini, na kwamba kuna ripoti inasubiriwa. Ajali gani, Fundi hakutaka kusema. "Lifti ilisogea. Yamepita."

Jambo jingine lilimkaa Daktari rohoni. Mdogo wake wa kiume, ambaye kila mtu alimwita Bisibisi, alikuwa akifanya kazi na Fundi timu moja kwa miaka sita. Jumapili zote alikuwa mezani kwao, anakula kwa mikono miwili na kuongea kwa mdomo mmoja. Sasa alikuwa ametoweka. Dada yake akimpigia simu, jibu lilikuwa lile lile: "Nimebanwa na kazi, dada." Mwaliko wa kula nyumbani kwao haukuwahi kumshinda Bisibisi, hata alipokuwa na malaria.

Wiki ya pili Fundi akaanza kutoka. Ikifika saa tisa alasiri, anavaa viatu na kuondoka. Anarudi jua linapozama, suruali imelowa, mchanga mifukoni. Na hilo ndilo lililomchanganya mkewe: alirudi mtulivu. Mabega yamelegea. Alikula chakula chote, akauliza habari za dukani. Asubuhi ikifika amekakamaa tena kama kamba ya kuanikia nguo.

"Unakwenda wapi, Fundi?"

"Natembea tu."

Alhamisi moja mke wa kinyozi alikuja dukani kununua dawa ya tumbo. Alilipa, lakini hakuondoka. Aliegemea kaunta.

"Daktari, mumeo anajua kuogelea?"

"Kwa nini?"

"Jana nilimwona kule nyuma ya kiwanda cha barafu. Amesimama ndani ya maji mpaka kifuani, na nguo zake mwilini. Hatikisiki. Nikamwita mara mbili, hakugeuka." Alishusha sauti. "Mimi si mtu wa maneno. Lakini ningekuwa mimi ndiye mkewe, nisingekaa hapa nikiuza vidonge."

Daktari alimshukuru. Akamhudumia mteja aliyefuata, mzee wa vidonge vya shinikizo, akamfungia pakiti na kumpa. Mzee akaigeuza mkononi.

"Mwanangu, hivi vyangu siku zote ni vyeupe."

Daktari aliangalia. Alikuwa amempa vyenye nguvu maradufu. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kukosea dawa ya mtu. Akambadilishia, akavua koti jeupe na kumwendea mwenye duka huko nyuma.

"Naomba ruhusa."

"Sasa hivi? Kuna foleni."

"Sasa hivi."

Hakumbuki alivuka vipi barabara kuu. Nyuma ya kiwanda cha barafu kulikuwa na ukuta mrefu na kichochoro chembamba kilichonuka samaki na mafuta ya mashine. Alipofika mwisho, bahari ikamfungukia yote kwa mara moja, pana, ya kijani, jua limeitandazia mwanga unaoumiza macho. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mawe meusi, na juu ya jiwe moja lililo bapa kulikuwa na nguo.

Zilikuwa za mumewe. Shati limekunjwa vizuri, mikono ndani, kama linarudishwa kabatini. Suruali juu yake. Viatu pembeni, sambamba. Ndani ya kiatu cha kulia kulikuwa na simu, funguo za nyumba, na pete ya ndoa.

Aliishika ile pete. Mtu anayekwenda kuoga tu havui pete. Alitazama maji kushoto, kulia. Hakuna kichwa, hakuna mkono.

"Fundi!" Sauti ilimtoka kama si yake. "Fundi!"

Yeye mwenyewe hakujua kuogelea. Hilo hakulifikiria kabisa. Alijikuta yuko ndani mpaka magotini, mpaka kiunoni, gauni limemganda miguuni, anapiga kelele. Wimbi likamjia, likamwinua kidogo. Aliposhuka, miguu haikugusa chini. Maji yakaingia puani.

Mkono ukamkamata nguo mgongoni.

"Unafanya nini wewe?" Alikuwa Fundi, anahema, macho yamemtoka. Alikuwa akielea chali upande wa pili wa mwamba, masikio ndani ya maji, hakusikia chochote mpaka aliposhtushwa na ile rangi ya gauni. "Hujui kuogelea!"

"Na wewe unafanya nini?" Alimpiga kifuani kwa ngumi, mara tatu, nne, huku anavutwa ufukoni. "Umevua pete! Umekunja nguo! Unataka nifikirie nini?"

"Nguo zinanilemea nikielea. Na vidole vinanywea kwenye maji baridi. Niliogopa itanitoka." Ndipo akamtazama mkewe usoni na kuelewa. "Ah. Hapana. Hapana, Daktari. Sikuja kufa mimi."

Walikaa juu ya jiwe, maji yanawachuruzika. Daktari alikuwa na maneno mengi ya kusema ila hayakupata mlango wa kutokea. Mawimbi yalikuja, yakavunjika kwenye mawe, yakarudi yakikokota changarawe kwa ule mlio wa kukwaruza. Yakaja tena. Baadaye Daktari aligundua kwamba amekuwa akivuta pumzi pamoja na maji, bila kukusudia, na kwamba meno yake aliyoyakaza tangu dukani yameachana. Hofu ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imekaa chini.

"Nieleze," alisema.

Fundi alieleza akitazama mbele. Walikuwa wamekwenda kukarabati lifti ya jengo la ghorofa saba. Yeye alishuka kwenye shimo, chini kabisa, pale lifti isipofika. Umeme ulizimwa juu, chumba cha mashine. Akiwa amepiga magoti anasafisha, akasikia mota ikinguruma. Alitazama juu akaiona lifti inashuka. Alijilaza kifudifudi kwenye grisi na maji machafu. Ilisimama juu ya mgongo wake, nafasi ya unene wa kidole.

"Dakika arobaini nilikaa chini yake, mpaka walipoipandisha kwa mkono. Kila nikivuta pumzi mgongo unagusa chuma. Nikaanza kuhesabu pumzi, nikidhani hewa itaisha. Tangu siku ile nahesabu, Daktari. Nikiwa nyumbani, nikiwa zahanati. Siku moja nilitoka kwenye foleni ya zahanati nikatembea tu, nikafika hapa. Nikakaa. Baada ya muda nikajikuta nimeacha kuhesabu. Hapa hakuna dari. Maji yanakuja yenyewe, yanarudi yenyewe, hayanihitaji mimi kuyahesabia."

"Kwa nini hukuniambia?"

Fundi aliokota changarawe, akaitupa majini. Wimbi moja likapita, na jingine.

"Nani aliwasha umeme, Fundi?"

"Nilimwambia meneja ulijirudi wenyewe. Kwamba labda mtunza jengo aligusa swichi."

"Sikukuuliza ulimwambia nini meneja."

Akafunga macho. "Mdogo wako."

Daktari alisimama. Damu ilimpanda kichwani. Sasa akaelewa zile Jumapili, na ile sauti ya simu. Alitaka kwenda kumtafuta Bisibisi popote alipo na kumrarua.

"Kaa, mke wangu. Kaa kidogo. Hapa mtu hafanyi uamuzi akiwa amesimama."

"Mtunza jengo amefanywaje?"

Swali hilo Fundi alikuwa akilikimbia. "Amesimamishwa kazi. Kesho Ijumaa natakiwa kusaini ripoti. Nikisaini, anafukuzwa. Nisiposaini, ni Bisibisi. Ni damu yako. Nilidhani nikinyamaza nitawaokoa wote."

Mkewe akakaa. Hakusaidiwa na mawazo yake, maana yalikuwa yanagongana. Alikaa tu, miguu ndani ya maji, mpaka mapigo ya moyo yakapungua akaweza kushika simu bila kuitupa. Akampigia mdogo wake.

"Njoo nyuma ya kiwanda cha barafu. Sasa hivi. Usiniambie habari za kazi."

Bisibisi alikuja na ovaroli yake ya kazini. Alipotokeza kichochoroni na kuwaona wote wawili wamelowa, alisimama mbali kama mtu aliyeitwa mahakamani. Alikuwa amekonda.

"Umeshamwambia, shemeji," alisema.

"Ameniambia. Sasa niambie wewe," dada yake akasema.

Akaeleza, akitazama buti zake. Watu walikuwa wanampigia kelele kwenye simu, wapangaji, mwenye jengo. Alisikia mlango wa chini ukibamizwa, akadhani Fundi ametoka. Hakupiga simu kuuliza. Hakushuka kutazama. Aliinua swichi. "Nilipoita na usiitike, shemeji, nilijua. Nilizungusha lile gurudumu la mota kwa mkono nikiamini naipandisha lifti kutoka juu ya maiti. Mpaka leo mikono yangu inalizungusha." Akaanza kulia, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, ameificha sura kwenye mkono wa ovaroli.

Daktari hakumkumbatia. Aliona akimkumbatia mapema atakuwa anamsaidia kutoroka.

"Kuna mtu hana kazi kwa ajili yako," alimwambia.

"Najua. Nyumba yake naijua. Nimepita pale mara tatu, nikashindwa kugonga."

"Kaa chini, shemeji," Fundi akasema.

Akakaa, mbali nao kidogo. Maji yalikuwa yanajaa, yakapanda mpaka yakagusa buti zake, naye hakuziondoa. Hakuna aliyemsukuma. Daktari alimwona mabega yake yakishuka polepole, kama alivyoyaona ya mumewe yakirudi nyumbani jioni. Ilipita labda nusu saa.

"Kesho asubuhi naenda mwenyewe kwa meneja," Bisibisi alisema hatimaye. "Shemeji, usisaini kitu."

Alikwenda. Walikuwa na hofu usiku kucha kwamba asubuhi moyo utamgeuka, lakini saa mbili alikuwa mlangoni pa ofisi, na Fundi nyuma yake, aliyekiri kwamba naye alimdanganya meneja. Fundi alipewa barua ya onyo. Bisibisi alisimamishwa miezi mitatu, kisha akapelekwa stoo, mbali na swichi yoyote. Mtunza jengo alirudishwa kazini. Bisibisi alimwendea nyumbani kuomba radhi. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango bila kumkaribisha.

Fundi alirudi kazini likizo ilipoisha. Siku ya kwanza alifika ukingoni mwa shimo, akageuka. Siku ya pili vile vile. Wakampa kazi za chumba cha mashine. Jioni alikuwa anapitia baharini kabla ya kwenda nyumbani, na siku ambazo foleni ya dawa ilimchosha, Daktari alimfuata huko. Mara nyingine hawakuongea kitu.

Wiki ya sita tangu arudi kazini, simu ya duka ililia saa nne asubuhi.

"Nimeingia," Fundi alisema. Alikuwa anahema.

"Shimoni?"

"Dakika kumi. Kufuli ya swichi nimeifunga mwenyewe, ufunguo nimeutia mfukoni."

"Na umetoka?"

"Nimetoka, ndiyo maana napiga."

Daktari aliweka simu mezani. Mteja aliyekuwa mbele yake alikuwa amenyoosha karatasi ya dawa, anasubiri.

"Nipe dakika moja tu," alimwambia, akaenda nyuma ya rafu, akakaa juu ya katoni la pamba.