Ukucha wa Fundi Breki

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ana ukucha mmoja mrefu kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, na gereji nzima humwita Kucha. Wageni hudhani ni madaha. Ukucha ule ni chombo cha kazi, sawa na spana.

Kazi yake ni breki, na kwa miaka mingi sasa ni breki za gari moja: gari fupi, jeusi, la mashindano ya mlimani, ambalo likinguruma vioo vya ofisi ya tajiri mwenye gereji hutetemeka. Diski zake za mbele zimetobolewa matundu madogo, safu baada ya safu, ili joto lipate pa kutokea. Kwa mbali ni pambo. Kwa karibu ni kazi, maana kila tundu hula vumbi jeusi la pedi, nalo vumbi likipikwa na joto huganda kama masizi ya sufuria.

Kucha huanza kwa kungoja. Gari likirudi limechemka, hakuna ruhusa ya kulisogelea na ndoo. "Chuma chenye hasira hakimwagiwi maji," huwaambia vijana. "Kitapasuka ndani kwa ndani, na usoni kitakuchekea." Likishapoa hulipandisha kwa jeki, hutoa tairi, hufungua kalipa inayobana pedi na kuitundika kwa waya ili mpira wa mafuta usivutwe, kisha hulaza diski juu ya kitambaa safi. Vumbi hulifuta kwa tambara lenye unyevu. Hapulizi kwa upepo, kwa sababu vumbi lile likishaingia kifuani halina adabu ya kutoka. Halafu huchukua kijiti cha mbao alichokichonga mwenyewe na kusafisha tundu moja moja. Chuma hakiruhusiwi kugusa tundu. Chuma hukwaruza ukingo, na nyufa hupenda kuanzia palipokwaruzwa.

Mwisho hupitisha ukucha. Vijistari vya juujuu, kama vile vya kiganja, havimsumbui. Diski inayofanya kazi lazima izeeke usoni. Anachokitafuta ni ufa unaotoka tundu moja kwenda kwa jirani yake. Ukionekana huo, diski imekwisha, hata kama inang'aa. Lakini ukucha hukwaa kwenye kila ukingo wa tundu, kwa hiyo peke yake hautoi hukumu. Ukucha hushuku; jicho ndilo huamua.

Na jicho lilikuwa limeanza kumtoroka.

Nyumbani tulijua kabla hajasema. Dada ni fundi cherehani, hushona magauni ya harusi kwenye chumba cha mbele, na tangu wakiwa wachumba mumewe ndiye aliyekuwa akimtungia uzi kwenye sindano. Mwaka huu dada akaanza kutunga mwenyewe, harakaharaka, kabla mumewe hajanyoosha mkono. Nilipomtazama akanikata jicho. "Mtu mzima hafunuliwi," akasema. Shemeji alipewa miwani. Ilimsaidia kusoma gazeti; ndani ya tundu la diski haikumfikisha.

Mambo yakafika ukingoni mchana mmoja, kesho yake mashindano. Nilikuwa pale gereji nikisubiri gari la ofisi yetu. Kucha alikuwa amesimama mlangoni na diski ya kulia, ameielekeza kwenye jua, anaigeuza, anaigeuza tena.

"Vipi, mzee, tufunge?" tajiri akauliza.

"Bado."

"Bado? Leo unaichumbia hiyo diski?"

Vijana wakacheka. Kucha hakucheka. Ukucha wake ulikuwa umekwaa mahali, akarudia, haukukwaa tena, na mahali penyewe pakampotea.

Dereva akaja akachuchumaa kando yake. Ni binti mwembamba asiye na maneno mengi, na humwita Kucha baba. "Baba, niambie tu. Kesho kwenye ule mteremko wa mwisho sina pengine pa kushika isipokuwa hapo."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Akisema diski ni nzima, itafungwa, naye atabaki Kucha yule yule; ila kama ufa upo, mtoto wa watu atateremka mlima juu ya chuma kilichopasuka. Akisema haoni, basi ni nani duniani anayemweka fundi breki asiyeona?

Aliilaza diski chini taratibu. "Mwanangu, macho yangu hayafiki tena ndani ya tundu. Kwenye mashindano yaliyopita yalifika kwa taabu. Leo hayafiki."

Mtu akazima kompresa.

"Unaniambia leo?" tajiri akasema.

"Afadhali uambiwe na mimi kuliko kuambiwa na mlima."

Tajiri akajishika kiuno. "Sasa nani ataziangalia? Hawa?"

"Hawa wana macho, subira hawana." Kucha akanigeukia. "Shemeji, hebu kaniitie dada yako."

Kijana mmoja akaguna. "Fundi nguo ndiye akague breki?"

"Mtu anayeona uzi mmoja uliokosea njia kwenye satini nyeupe," Kucha akamjibu, "wewe unadhani chuma kitamficha nini?"

Dada alikuja na futi shingoni. "Nimemwacha bibi harusi wa watu amesimama na pini kiunoni," akasema badala ya salamu. "Akikaa, lawama ni zenu. Kuna nini?"

Mumewe akamweleza anachotafuta, akampa tochi. "Usiguse uso wa diski. Mikono ina mafuta."

"Mikono yangu inashika nguo nyeupe kutwa. Wewe ndiye wa kuambiwa hayo."

Akainama. Alikwenda safu kwa safu, midomo imefumbwa, kama anavyokagua pindo. Kisha tochi ikatulia.

"Hapa pana uzi."

"Uzi gani?"

"Mweusi. Mwembamba kuliko unywele. Unatoka tundu hili, unaingia kwa jirani yake."

Akaushika mkono wa mumewe, akaupeleka pale. Ukucha ukapita, ukakwaa. Ukapita tena, ukakwaa. Shemeji akafumba macho, akatikisa kichwa, na nikaona uso wake ukilegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Diski nyingine za matundu hazikuwepo. Zilikuwepo zile za kawaida, zisizotobolewa, zilizohifadhiwa rafuni zikiwa zimepakwa mafuta.

"Hizo zitachemka mapema," dereva akasema.

"Zitachemka, kwa hiyo na wewe ukanyage breki mapema. Utachelewa kidogo, lakini utafika."

Binti akafikiri. "Haya, baba. Nitachelewa."

Walizifunga zote mbili, kulia na kushoto, maana huwezi kuvaa kiatu kimoja kipya. Mume alisafisha, akaosha yale mafuta ya rafuni, akakaza nati. Mke alimulika na kuitikia kwa kichwa. Kisha dereva akalitoa gari barabara ya nyuma, akawa anakimbia na kupunguza, anakimbia na kupunguza, bila kusimama kabisa, mpaka pedi na diski zikazoeana.

"Jumatatu uje kazini," tajiri akamwambia Kucha. "Na mama pia, kama hatatukataa."

"Nina wateja wangu," dada akasema. "Nitakuja siku za mashindano tu. Na nikisema diski imekufa, asije mtu kunibembeleza."

Kesho yake binti hakushinda. Alimaliza katikati ya kundi, akashuka garini akiwa mzima, akaomba maji ya kunywa.

Jioni ile tulirudi nyumbani kutoka gereji kwa miguu, na njia ikawa ndefu, kwa sababu shemeji alisimama kwa kila anayemfahamu kumsimulia kuhusu mke wake na ule ufa, huku dada akimvuta shati. Muuza magazeti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe sasa huoni?" akauliza, kwa huruma kidogo.

"Sioni," shemeji akajibu, kifua mbele, kana kwamba ametaja cheo. "Ninaye anayeona."