Utepe Uliolinda Mpunga

Muziki wa kwanza kunishika niliushuku kabla ya kuupenda. Nilikuwa mtoto wa Ndera, na redio ya baba ilituletea bendi za Kongo kila Jumamosi mchana. Watu wazima waliweka majembe chini wakatikisa mabega kwa maneno wasiyoyajua hata moja. Mimi nilijiuliza: huyu anayeimba kwa sauti tamu hivi, nani ametuhakikishia kwamba yeye hatutukani? Dereva mmoja wa lori, aliyedai kuwa aliwahi kuishi huko, alinitafsiria wimbo mzima. Akasema ni mtu anamlilia mkewe aliyerudi kwao. Wiki iliyofuata nikamwuliza juu ya wimbo mwingine, akasikiliza kwa makini, akasema ni mtu anamlilia mkewe aliyerudi kwao. Sikumwuliza tena. Lakini gitaa la solo lilikuwa limekwisha kuniingia, na gitaa halihitaji mkalimani.

Baadaye nikawasikia wapigaji wa hoteli za Malindi, wale wa mashati ya maua. Sikuyaamini matabasamu yao, maana mtu hawezi kufurahi kila siku kuanzia saa kumi jioni hadi kazi iishe. Hata hivyo ndio walionifundisha kusikiliza besi, kwa kuwa mpiga besi peke yake ndiye asiyetabasamu. Kisha nikaenda harusini upande wa Kipini, nikakutana na taarabu. Mwimbaji alitoa fumbo, na kila mwanamke aliyekaa pale akageuka kumtazama jirani yake, akitafuta ni nani aliyesemwa. Hapo nilijiona nimefika nyumbani. Muziki wa watu wasioaminiana niliuelewa bila kufundishwa.

Bendi iliyonifanya mtu, lakini, ilikuwa ya hapa hapa mtoni Tana. Walikuwa wanaume wanne, wakulima wote, waliopiga Krismasi, harusi na mikutano ya chifu. Mpiga solo alijichongea gitaa lake la kwanza kwa ubao wa mtumbwi uliopasuka. Waliimba Kipokomo, wakichukua midundo ya ngoma zetu za zamani na kuitia magitaa, na waliposhika wimbo mmoja hawakuuachia mpaka vumbi lote la uwanja lihamie kwenye nguo zetu. Niliwafuata kila walikokwenda nikiwa nimebeba redio kaseti begani. Kwa ajili yao nilihamia Garsen, walikokuwa wakifanyia mazoezi, na kwa ajili yao nikafungua kibanda cha kurekodi kaseti karibu na stendi ya mabasi ya Lamu na Malindi. Mama alinifuata, akapata kipande cha shamba la mpunga bondeni, tukawa tunaishi nyuma ya kibanda hicho.

Mteja aliyeijua bendi ile kunishinda alikuwa Mworma, dalali wa ng'ombe pale sokoni. Mwanzoni nilimshuku. Mfugaji anatafuta nini katika wimbo wa mkulima? Kwetu watu hawa wawili wanaweza kujuana miaka na miaka, lakini ng'ombe akiingia shambani ujuano wote unaanza upya. Huyu alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye benchi, akaniomba nirudishe wimbo mwanzo, akauimba wote kwa Kipokomo bila kukosea neno. Tukawa marafiki, kwa kadiri mtu wa aina yangu awezavyo kuwa rafiki. Kila baada ya mavuno mama alimruhusu aingize ng'ombe wake wale mabua shambani, naye alimletea maziwa. Akamwita mama, mama akamwita mwanangu. Hilo nalo nilikuwa nikilitazama kwa jicho la pembeni.

Siku ya harusi ya dada yangu bendi ilipiga kuanzia mchana. Niliiweka redio kaseti juu ya kinu kilichogeuzwa, nikabonyeza cha kurekodi, nikasimama kuilinda. Katikati ya wimbo wa tatu mama akapita akicheza, akapiga vigelegele karibu kabisa na redio hata sauti ikapasuka. Niliudhika siku nzima. Nilimwambia ameniharibia kaseti. Mwaka haukuisha mafuriko yakachukua vyombo vyote vya bendi, mpiga ngoma akafariki, mpiga solo akahamia Mombasa na sikusikia tena kwamba ameshika gitaa. Wenyewe hawakuwahi kwenda studio. Kaseti yangu ikawa ndiyo yote iliyobaki ya wanaume wale wanne, na kila nilipoisikiliza nilijikuta nikivingoja vigelegele.

Mworma akaiazima kwa siku mbili, akairudisha siku ya tisa. Alisema alisafiri na ng'ombe. Nilipoipiga nikasikia mruko mdogo kwenye wimbo wa kwanza, mdogo sana, kama mtu amemeza mate. Nilimwuliza, akasema labda ni redio yangu. Tangu siku hiyo niliificha. Nilikwangua karatasi ya jina juu yake nikaitoa kwenye rafu, nikaitia ndani ya katoni la kaseti mbovu chini ya meza, mahali ambapo hakuna mwazimaji angependa kupekua. Alipouliza iko wapi nilimwonyesha katoni lile, kusudi ajue kwamba nimeificha kwa sababu yake.

Katoni lile lilikuwa na kazi yake. Mpunga ukianza kutia punje, ndege hushuka kwa maelfu, na mtu anaweza kukaa juu ya ulingo toka alfajiri akirusha mawe kwa kombeo na bado akavuna makapi. Watu wa bonde waligundua kwamba utepe wa kaseti ukivutwa kutoka kijiti hadi kijiti huvuma kwa upepo na kumetameta juani, na ndege huuogopa. Msimu mmoja kabla sijaificha kaseti yangu, mama alikuja kuniomba mbovu chache. Nilikuwa na mteja. Nikamwambia, "Chukua tu, mama. Humo zote zimekufa."

Siku niliyotia mkono ndani ya katoni nikaikosa, sikuhitaji kufikiri. Mtu mmoja tu alijua. Nikaenda moja kwa moja hadi soko la mifugo, nikamkuta katikati ya madalali wenzake ameshika mkia wa fahali, nikamdai kaseti yangu mbele yao wote. Akasema hana. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Akauachia mkia wa fahali, akaondoka. Nami nikahesabu kuondoka kwake kuwa ushahidi.

Mara mbili baada ya mavuno alikuja kibandani. Mara ya kwanza nilimwona kwa mbali nikafunga dirisha. Mara ya pili niliambiwa na mwenye duka jirani kwamba alisimama mlangoni kidogo kisha akageuka. Nikasema amekuja kutafuta kingine cha kubeba. Mama aliuliza mbona mwanawe haji na maziwa hadi nyumbani kama zamani, nikamjibu kwamba ni mwizi. Alinitazama, akaendelea kupepeta mchele. Nilijua kwamba walionana huko shambani na kwamba aliendelea kumruhusu aingize ng'ombe, nikawashuku wote wawili, sijui hata kwa kosa gani.

Miaka ikaenda. Kaseti zikafa zote, zikaja sidii, nazo zikafa. Siku hizi naweka nyimbo kwenye simu za vijana, na mara mojamoja nikiwapigia gitaa la Kongo huniambia, "Buda, hiyo ngoma ni ya kitambo sana," kisha wanaomba vitu vinavyopigwa na kompyuta bila kidole cha mtu. Siwaamini, wala wao hawaniamini. Mworma nilipokutana naye njia panda nilikuwa nikitazama viatu vyangu. Aliota mvi, nami nikaota. Sikuacha kuitafuta kaseti yangu kwa masikio: nikipita karibu na nyumba yoyote ya mfugaji na redio inalia, nilipunguza mwendo.

Mwaka jana mama alifariki. Siku ya tatu ya matanga Mworma aliingia uani na madumu mawili ya maziwa kwa ajili ya chai ya waombolezaji. Niliwaza: anataka mabua ya shamba, kwa kuwa sasa ruhusa ni yangu. Alikaa na wazee, akanywa chai, akaniomba tusogee kando ya ghala. Akatoa mfuko wa plastiki chini ya kikoi chake. Ndani yake mlikuwa na ganda la kaseti lisilo na jina, na kijiti kilichozungushiwa utepe mpaka kikanenepa.

"Kumbe ulikuwa nayo," nikasema.

Nikasema na mengine, katika matanga ya mama yangu, na mengi yake sitayaandika hapa. Aliniacha nikamaliza.

"Hii nilipata kwa shamba ya mama," akasema. "Ng'ombe waliingia kula mabua, nikaona utepe kwa vijiti. Nikazungusha yote, ndama asikule. Ganda lilikuwa limening'inia kwa kijiti ya mwisho." Akafungua kidogo ule utepe akanionyesha tone jekundu lililokauka. "Hapa ilikatika kwangu, ile siku uliniazima. Niliunga na rangi ya kucha ya mke wangu. Niliogopa kukuambia. Ndiyo nilijua ni yako."

Kwa hiyo mruko ule ulikuwa wa kweli. Nilikuwa nimepatia katika hilo dogo. Na mama alikuwa amerudi kwenye katoni kwa ruhusa yangu ile ile ya zamani. Nikamwuliza kwa nini basi hakuniambia mama ndiye aliyeichukua.

"Nilikuja. Mara ya kwanza ulifunga. Mara ya pili nilikusikia ndani unamkaripia mama juu ya antena. Nikasema, kama kwa antena ni hivi, kwa hii itakuwaje? Nikarudi." Alikunja mfuko wake mtupu mara nne. "Afadhali mwizi awe mimi. Nikasema nitangoja mpaka mama atangulie."

Antena ile niliikumbuka papo hapo. Mama aliigonga kwa mpini wa ufagio, ikapinda, basi. Nilimkemea hata akaenda kukaa nje. Nilikuwa nimeisahau kabisa, na mtu aliyesimama mlangoni kwangu na kaseti mkononi aliikumbuka miaka yote hiyo. Niliona aibu. Katika kuwashuku madereva na waimbaji na wafugaji wote wa Tana, mtu pekee ambaye sikumwuliza kaseti iko wapi ni mama, niliyekula naye kila siku.

Nilimwomba msamaha. Akasema yamepita. Nikamwambia kwamba utepe umepauka kwa jua na umekunjika, na hakuna redio itakayoweza kuupiga tena, na vigelegele vya mama vimo humo. Akasema anajua, wimbo wa tatu. Kisha akaegemea ghala na kuanza kuuimba taratibu, kwa Kipokomo, akipiga besi kwa kidole kwenye fimbo yake. Alipofika pale mama alipopita akicheza, akanyamaza, akangoja kiasi kilekile, halafu akaendelea na ubeti. Nikakaa chini palepale nikalia, na tangu mama azikwe ilikuwa mara yangu ya kwanza.