Saa Moja na Nusu Hadi kwa Mdogo Wangu

Majina ya wote waliokuwepo nayakumbuka, hata la yule binti wa uwanja wa ndege, maana nilimuuliza. Siyaandiki. Wenyewe wanajijua.

Mdogo wangu aliolewa Katavi, na mama yetu alipofariki hakuja kumzika. Alisema ni mbali. Miaka yote nikawa nauliza, mbali gani hiyo isiyofikika? Mwaka huu akaugua, akanitumia ujumbe kwamba amenikatia jani la isale. Kwetu Meru jani hilo ndilo la kuombea msamaha, na linapokelewa kwa mkono. Mwenye kulitoa akifa kabla hujalipokea, ugomvi umebaki na wewe.

Mwanangu anayekaa Njiro, msomi, akacheka. "Mama, siku hizi hata kwa video unapokea."

"Nipokee jani kwenye kioo? Na wewe ukienda kuoa utapeleka picha za ng'ombe?"

Akainamia simu yake, akaandika uwanja wetu wa ndege wa Kisongo, akaandika na wa Mpanda, huko Katavi. Halafu akanisomea kwa sauti ya mchungaji: kwa ndege, saa moja na nusu.

Hapo hasira ndiyo ikanipanda. Mimi kushuka kutoka mlimani hadi Njiro, foleni ikikaa Kimandolu, natumia zaidi ya hapo. Kumbe umbali wenyewe aliotuimbia ndio huo. Nikasema jani nitalipokea, lakini kwanza atanisikia.

Nikavaa kitenge cha Pasaka, tukaenda Kisongo kukata tiketi.

"Shikamoo bibi," binti wa dirishani akasema. "Hapa hatuna ndege ya Mpanda."

Mwanangu akamsogezea simu.

"Hiyo inapima anga, kaka. Anga ipo. Ndege ndiyo haipo. Labda mwende Dar, mkasubiri huko."

Yaani niende magharibi kwa kupitia baharini. Nikamtazama mwanangu. Tumemsomesha hadi chuo kikuu, na anatembea na kitu kinachompimia safari ambazo hazipo, naye anashukuru.

Nikapanda basi. Singida, kisha Tabora tukalala, asubuhi tena. Miguu ilivimba hadi viatu vikanikataa. Mama niliyekaa naye akaniambia, "Bibi, shukuru hii lami. Zamani wakati wa masika lori lilikuwa linakwama hapa mpaka mzigo unaoza."

Mama yetu tulimzika masika. Tulikaa na maiti siku mbili tu, tukasema anayetaka kuja angekuwa ameshafika.

Mdogo wangu nilimkuta kitandani, amebaki macho tu. Nje ya mlango wake isale imesimama kichaka kizima. Alipoolewa alikuja na kipande chake kutoka nyumbani. Jani lilikuwa chini ya mto.

"Shikamoo dada. Siku ile ya mama..."

Maneno makali niliyoyapanga tangu Njiro yalikuwepo yote, sikuwa nimesahau hata moja.

"Nyamaza," nikamwambia. "Njia nimeiona. Lete hilo jani."

Akanipa kwa mikono miwili, nami nikalipokea kwa miwili.

Jioni mwanangu akapiga simu. "Umefika, mama?"

"Nimefika. Waambie hao waliomo kwenye simu yako wapime upya, na safari hii wakae kiti cha nyuma cha basi."